Walizuiwa Luanda, wakamalizia kazi Dar: Karantini ilivyochezea ratiba ya soka

KAKESE, KATAVI. UKITAKA kuwasha ubishi kwenye kibanda umiza cha Kakese, kata ya wakulima wa mpunga ndani ya Manispaa ya Mpanda, huna haja ya kuitaja Simba wala Yanga. Uliza swali moja tu: hivi Namungo walistahili kucheza mechi zote mbili za 1º de Agosto ndani ya Dar es Salaam?

Hapo utasikia kila kitu. Kuna atakayesema Waangola walijitakia wenyewe. Kuna atakayesema mpira ni nyumbani na ugenini, na timu ikicheza mara mbili kwao hiyo ni zawadi. Mwingine atakumbusha kuwa kabla ya zawadi hiyo, Wauaji wa Kusini walizuiwa kwenye nchi ya watu, mechi ikafutwa na wenzao wanne wakaachwa nyuma.

Wote wana pointi. Ila ukiuchimba vizuri, ubishi huo hauhusu mabao. Unahusu swali lililoitesa dunia ya soka kwa karibu miaka miwili ya Uviko-19: nchi ikisema kila anayeingia akae karantini, nani anasamehewa, nani hasamehewi, na nani mwenye kalamu ya kuamua?

KARANTINI SI NENO GENI KATAVI

Kwa watu wa Katavi, karantini haikuletwa na corona. Mfugaji yeyote analijua neno hilo tangu zamani. Ugonjwa wa mifugo ukiingia wilayani, mnada unafungwa, ng'ombe hawasafirishwi, na mwenye nguruwe anaambiwa asitoe mnyama nje ya eneo lake. Hakuna anayeuliza ng'ombe huyu ni wa tajiri au wa maskini. Kizuizi ni kizuizi.

Kwa binadamu mambo hayakuwa hivyo. Tangu mwanzo wa janga, kila nchi iliyoweka karantini iliweka pia mlango wa pembeni. Wapo waliopitia mlango huo kwa sababu ya kazi zao, wengine kwa sababu ya nchi walizotoka, na wengine kwa sababu walikuwa wanajua kupiga mpira.

Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza Machi 16, 2020. Kesho yake, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akasimamisha shule, mikusanyiko na michezo yote kwa siku 30. Ligi Kuu ikasimama. Siku chache baadaye, Machi 23, likaja agizo la wasafiri: anayeingia kutoka nchi zilizoathirika akae karantini siku 14, sehemu iliyopangwa na serikali, kwa gharama zake mwenyewe.

Kwa mpira, maana yake ilikuwa nzito kuliko ilivyoonekana. Klabu zetu zina makocha na wachezaji wa kigeni, na wengi wao waliondoka ligi iliposimama. Makocha wa Simba na Yanga wa wakati ule, Sven Vandenbroeck na Luc Eymael, wote ni Wabelgiji na walikuwa kwao. Ligi ingerudi mwezi Aprili, kila mgeni angetua na kwenda kukaa hotelini wiki mbili, bili mkononi, huku wenzake wakijifua. Na katikati ya Aprili hata huko kutua kukawa hakuna, kwa sababu ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa.

Halafu upepo ukageuka ghafla. Mei 18, 2020, Tanzania ikafungua anga na kuifuta ile karantini ya siku 14. Siku tatu baadaye Rais John Magufuli akatangaza michezo irudi Juni 1. Ligi ikaanza tena Juni 13, Yanga wakienda Shinyanga kuwafunga Mwadui bao 1-0. Kufikia Juni 28 Simba walikuwa mabingwa tayari, baada ya sare ya 0-0 na Prisons pale Sokoine, Mbeya.

Kwa hiyo kwetu hakukuwa na orodha ya kusamehewa. Wote walisamehewa kwa mkupuo. Na uamuzi huo ndio uliokuja kuibeba Namungo, na pia kuitia matatani.

WIKIENDI YA SUMBAWANGA

Mashabiki wa Mpanda na vijiji vyake hawajaisahau Agosti 2, 2020. Siku hiyo fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ilipigwa Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga, mkoa jirani kabisa. Ni safari ya kupita Sitalike, ukakatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ukaingia Rukwa. Kwa watu wa kanda hii, ambao wamezoea kuiona Simba kwenye runinga, ilikuwa kama sikukuu.

Simba walishinda 2-1. Lakini aliyefungwa naye alipata chake. Kwa kuwa Simba walikuwa tayari na tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika ikaenda kwa mshindi wa pili. Ndivyo Namungo ya Ruangwa, Lindi, ilivyopata safari yake ya kimataifa. Kwa maneno mengine, njia ya kwenda Luanda ilianzia Sumbawanga.

Sasa tazama yaliyotokea kwingine wikiendi hiyo hiyo. Jumamosi ya Agosti 1, Arsenal waliifunga Chelsea 2-1 kwenye fainali ya Kombe la FA pale Wembley, mabao yote mawili ya Pierre-Emerick Aubameyang, na majukwaani hakukuwa na shabiki hata mmoja. Siku hiyo hiyo, Kenya ilifungua tena anga yake na kutoa orodha ya nchi ambazo wasafiri wake wangeingia bila kukaa karantini siku 14. Rwanda walikuwemo. Uganda na Ethiopia walikuwemo. Tanzania haikuwemo.

Jibu la Dar es Salaam lilikuja haraka. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ikazuia ndege za Kenya Airways kutua nchini, na kabla ya Agosti kwisha kampuni nyingine tatu za Kenya zikaongezwa. Orodha ya Kenya iliendelea kurefuka hadi ikapita nchi 100, jirani wa Namanga bado yuko nje. Ni katikati ya Septemba tu ndipo Tanzania ilipoingizwa, na Septemba 16 ndege za Kenya zikaruhusiwa tena.

Kwa nini Tanzania iliachwa nje? Kubwa ni takwimu. Hesabu za wagonjwa zilikuwa zimeganda tangu mwanzoni mwa Mei 2020, wagonjwa 509 na vifo 21, na baada ya hapo hazikutolewa tena. Nchi inayopanga orodha huangalia namba za mwenzake. Isipoziona, inaandika inavyotaka yenyewe.

Hilo ndilo somo la kwanza. Msamaha wa karantini hautolewi na anayesafiri. Hutolewa na anayepokea. Unaweza kuwafungulia watu wote mlango wa kwako, lakini huwezi kujifungulia mlango wa jirani.

KILICHOWAPATA NAMUNGO

Namungo waliingia mashindano ya Afrika bila presha ya jina. Waliwatoa Al-Rabita ya Sudan Kusini, kisha Al-Hilal Obeid ya Sudan kwa jumla ya mabao 5-3. Hatua ya mwisho kabla ya makundi wakapangiwa 1º de Agosto, klabu kubwa ya Angola iliyokuwa imeshuka kutoka Ligi ya Mabingwa. Mechi ya kwanza ilikuwa ipigwe Luanda, Jumapili ya Februari 14, 2021.

Haikupigwa. Baada ya msafara kutua, mamlaka za Angola zilisema vipimo vimeonyesha wachezaji watatu na kiongozi mmoja wana maambukizi ya Uviko-19. Msafara ukatakiwa kuingia karantini. Mpira ukawekwa pembeni, yakaanza mazungumzo ya simu na barua kati ya Ruangwa, Dar es Salaam, Luanda na makao makuu ya CAF kule Cairo. Mwisho mechi ikafutwa, timu ikageuza kurudi nyumbani, na wale wanne wakabaki Angola.

Fikiria presha ya kitu kama hicho kwa klabu ya wilayani. Hii si Al Ahly yenye daktari, mwanasheria na mtu wa itifaki kwenye kila safari. Ni timu iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019, kocha wake Hemed Suleiman 'Morocco', iko kwenye nchi inayozungumza Kireno, inaambiwa hairuhusiwi kutoka. Hakuna mbinu ya uwanjani ya kujibu hilo.

CAF ikakaa na kuamua: mechi zote mbili zichezwe Tanzania. Februari 21 Namungo wakawapiga Waangola 6-2. Siku nne baadaye Agosto wakajibu kwa 3-1, lakini meli ilishang'oa nanga. Jumla 7-5, Wauaji wa Kusini ndani ya makundi kwenye msimu wao wa kwanza kabisa Afrika. Huko walikutana na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana, wakapoteza mechi zote sita. Hata hivyo hakuna anayeweza kufuta kuwa walifika.

Sasa turudi kwenye hoja. Waangola walikuwa na haki ya kupima? Ndiyo. Nchi ilikuwa yao na sheria yao. Kosa lilikuwa wapi basi? Lilikuwa kwenye kitu kilichokosekana: makubaliano ya wazi, yaliyoandikwa kabla ndege haijaruka, kwamba timu ya mpira ikikutwa na wagonjwa wachache, wagonjwa wanatengwa na wengine wanacheza. Pasipo makubaliano hayo, anayepima ni mwenyeji, anayesoma majibu ni mwenyeji, anayefunga mlango ni mwenyeji. Hata kama majibu ni ya kweli tupu, mgeni hawezi kuyaamini. Na mpira ukiingia shaka ya namna hiyo, hata mshindi hafurahii.

DAR IKAWA BUDAPEST YA AFRIKA

Mwezi ule Namungo hawakuwa peke yao. Februari 2021 ilikuwa mwezi ambao timu nyingi zilicheza "nyumbani" kwenye nyumba za watu.

Anza na Ulaya. Ujerumani ilikuwa imezuia wasafiri kutoka Uingereza kwa hofu ya kirusi kipya, na haikutoa msamaha kwa wachezaji. RB Leipzig ikabidi wawapokee Liverpool mjini Budapest, Hungary, Februari 16. Liverpool wakashinda 2-0 kwenye uwanja ambao si wa yeyote kati yao. Borussia Mönchengladbach na Manchester City nao wakaenda hapo hapo Budapest, City wakashinda 2-0. Atlético Madrid waliwapokea Chelsea mjini Bucharest, Romania. Real Sociedad waliwapokea Manchester United mjini Turin, Italia, wakala nne bila. Benfica na Arsenal ndiyo kabisa: mechi ya kwanza Rome, ya marudiano Ugiriki. Timu ya Ureno na timu ya Uingereza zikamaliza dakika 180 bila kukanyaga nchi zao.

Afrika hadithi ilikuwa ile ile. Morocco ilikataa kuwapa viza Kaizer Chiefs wa Afrika Kusini kwa sababu ya kirusi kipya, hivyo mechi yao na Wydad Casablanca, timu aliyokuwa akiichezea Mtanzania Simon Msuva, haikuchezwa Februari 13. Ikahamishiwa Cairo, ikapigwa Februari 28, Wydad wakashinda 4-0. Chiefs hao hao waliochakazwa Cairo ndio waliokuja kuitoa Simba robo fainali, wakawatoa Wydad wenyewe nusu fainali, wakafika fainali.

Algeria nao wakawakatalia Mamelodi Sundowns. CR Belouizdad wakatafuta uwanja nje ya nchi yao. Wakaupata wapi? Kwa Mkapa. Siku hiyo hiyo ya Februari 28, klabu ya Algeria ikawa mwenyeji wa klabu ya Afrika Kusini jijini Dar es Salaam, na mwenyeji akala tano kwa moja. Ule msemo wa 'Kwa Mkapa hatoki mtu' Sundowns hawakuambiwa.

Kwa nini Dar? Kwa sababu ile ile ya Mei 18, 2020. Wakati huo Tanzania haikumtaka mgeni akae siku 14 hotelini. Timu ilitua, ikafanya mazoezi, ikacheza, ikaondoka. Budapest ilikuwa kimbilio la Ulaya kwa sababu Hungary iliwaruhusu wanamichezo. Dar ilikuwa kimbilio la Afrika kwa sababu mlango ulikuwa wazi kwa kila mtu.

Ni katika mazingira hayo Simba waliifunga Al Ahly bao 1-0 Februari 23, shuti la Luis Miquissone, mashabiki wakiwa uwanjani. Ahly walikuwa wametoka Qatar kwenye Kombe la Dunia la Klabu siku chache tu kabla. Wangekutana na sheria ya karantini ya siku 14, mechi ile isingechezwa tarehe ile.

Lakini sarafu ina pande mbili. Mlango uliokuwa wazi Dar ndio uliowafanya wengine wafunge ya kwao. Januari 22, 2021 Uingereza ilipiga marufuku wasafiri kutoka Tanzania na DR Congo. Msafara wa Tanzania ukitua popote, macho yalikuwa juu yake kuliko wa nchi nyingine. Huwezi kusema hayo hayakuwa na uzito kule Luanda. Faida ya kuwa mwenyeji wa wote na hasara ya kushukiwa na wote vilitoka kwenye shina moja.

MWENYE JINA NA ASIYE NA JINA

Uingereza ndiko ambako msamaha wa wanamichezo ulionekana wazi zaidi, na uchungu wake pia.

Tangu katikati ya 2020 serikali ya London iliwaruhusu wanamichezo wa kiwango cha juu kuingia kwa mechi bila karantini ya kawaida, ilimradi wakae kwenye kundi lao, wapimwe na wasichanganyike na watu wa nje. Novemba 2020 Uingereza ilipofunga mlango kwa wanaotoka Denmark, Iceland walikuwa wametoka kucheza Copenhagen na walitakiwa Wembley siku tatu baadaye. Wakapewa ruhusa maalumu. Mechi ikapigwa Novemba 18, England wakashinda 4-0.

Halafu tazama upande wa pili. Kuanzia Februari 15, 2021, siku moja kabla ya Liverpool kucheza Budapest, raia au mkazi wa Uingereza aliyerudi kutoka nchi ya orodha nyekundu, Tanzania ikiwemo, alitakiwa kukaa hotelini siku 10 na kulipa pauni 1,750. Mtu aliyekuja kumzika mama yake Tanzania alirudi kulipa hela hiyo. Mkulima wa Kakese akiipiga hesabu kwa magunia ya mpunga, anaweza kukaa chini kwanza.

Hata wachezaji wenyewe hawakusamehewa wote kila wakati. Agosti 2021 klabu za Ligi Kuu England ziligoma kuwaachia karibu wachezaji 60 kutoka klabu 19 waliotakiwa kwenda nchi 26 za orodha nyekundu. Mohamed Salah alikuwa mmoja wao, Misri ikamkosa. Hoja ya klabu ilikuwa rahisi: akirudi atakaa hotelini siku 10, nani atamlipa mshahara wa kukaa kitandani? FIFA kwenye kanuni zake za muda ilikuwa imekubali kuwa klabu inaweza kumzuia mchezaji kama atakaporudi atawekwa karantini ya siku tano au zaidi na hakuna msamaha kwa wanamichezo. Oktoba 1 ndipo serikali ikalegeza: mchezaji aliyechanjwa kikamilifu akaruhusiwa kukaa sehemu ya klabu, akatoka kwenda mazoezini au kwenye mechi tu, kisha akarudi kujifungia.

Na msamaha ukilazimishwa, matokeo yake ni aibu. Septemba 5, 2021 mjini São Paulo, Brazil na Argentina walicheza dakika chache tu kabla maofisa wa afya wa Brazil hawajaingia uwanjani. Walikuwa wanawafuata wachezaji wanne wa Argentina wanaocheza England: Emiliano Martínez, Emiliano Buendía, Giovani Lo Celso na Cristian Romero. Maofisa walisema wanne hao hawakueleza ukweli kwenye fomu kwamba walikuwa Uingereza ndani ya siku 14 zilizopita. Watatu kati yao walikuwa wameanza. Mechi kubwa kuliko zote Amerika Kusini ikafia hapo, na Agosti 2022 ikafutwa moja kwa moja.

Wengine hata hawakujaribu kuomba. Auckland City ya New Zealand, timu ya wachezaji wa ridhaa wenye kazi zao za kawaida, ilijitoa Kombe la Dunia la Klabu lililochezwa Qatar Februari 2021. Sheria ya karantini ya kwao ilikuwa kali, na mtu mwenye ajira hawezi kumwambia bosi wake nakwenda kucheza mpira, nikirudi nitajifungia wiki mbili.

KIPA ALIYEKUWA MZIMA LAKINI HARUHUSIWI

Kama kuna mechi inayouma zaidi kwa watu wa ukanda huu, ni ya ndugu zetu wa Comoro. Januari 24, 2022 walicheza hatua ya 16 bora ya AFCON dhidi ya wenyeji Cameroon mjini Yaoundé. Ilikuwa mara yao ya kwanza kufika mashindano hayo. Walikuwa na makipa watatu. Mmoja aliumia, mwingine alikutwa na corona. Wa tatu, Ali Ahamada, alikuwa ametoka kuugua na siku ya mechi kipimo chake kikaonyesha hana tena maambukizi.

Akaambiwa bado. Sheria ilitaka siku tano za kujitenga zitimie, kipimo kiseme kinavyosema. Hakukuwa na msamaha. Beki Chaker Alhadhur akavaa glavu, jezi yake imebandikwa namba kwa plasta, akasimama langoni kwenye AFCON. Comoro wakapata kadi nyekundu mapema, wakacheza kumi. Na bado walifungwa 2-1 tu, tena Youssouf M'Changama akipiga faulo ambayo hadi leo watu wanaitafuta kwenye simu zao.

Linganisha na Iceland. Huku msamaha ulipatikana ndani ya siku tatu kwa sababu serikali na chama cha soka cha England walitaka mechi ichezwe. Kule mchezaji mzima alikosa msamaha kwa sababu hakukuwa na mtu mwenye nguvu wa kumtetea. Virusi ni vile vile. Tofauti ilikuwa kwenye jina na pesa.

WOTE WANASHINDANA KWA HAKI

Tukirudi kwa wale wabishi wa Kakese, hesabu inakuwa hivi. Anayesema Namungo walipata upendeleo ana hoja: 6-2 ile ilipatikana kwenye ardhi ya Tanzania, na Agosto hawakupata dakika hata moja mbele ya mashabiki wao. Lakini upendeleo huo haukutoka mfukoni mwa Namungo. Mwenyeji ambaye hawezi kumhakikishia mgeni kuwa atacheza na kuondoka, anapoteza haki ya kuwa mwenyeji. Kanuni hiyo iliwagusa Leipzig, ikawagusa Wydad na Belouizdad. Hao walicheza uwanja wa nchi ya tatu. Kwa Agosto tu ndiyo mechi ilihamia kwa mpinzani.

Na hapo ndipo wanaowatetea Waangola wanapokuwa na nguvu. Haki kamili ingekuwa mechi moja Dar na nyingine uwanja huru. Tatizo ni muda: makundi yalikuwa yanakaribia na siku zilikuwa za kuhesabu. CAF walichagua kilichowezekana, si kilicho safi kabisa. Ndiyo maana ubishi haufi.

Lakini kuna jambo ambalo pande zote mbili zinakubaliana. Msamaha wa karantini kwenye mpira unafanya kazi pale tu vitu vitatu vinapokuwepo. Kwanza, sheria ijulikane kabla ya safari, siyo uwanja wa ndege. Pili, kipimo kisiwe mikononi mwa upande mmoja unaofaidika na majibu. Tatu, iwe sawa kwa timu ya Ruangwa na timu ya Liverpool. Pale kimoja kilipokosekana, mechi iliharibika.

AFCON YETU INAKUJA

Haya si mambo ya kufukua kaburi. Mei 3, 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, Tanzania nayo ilirudisha masharti: cheti cha kipimo kisichozidi saa 72, na karantini ya siku 14 kwa wanaotoka nchi zenye virusi vipya. Hivyo mlango wetu nao unaweza kufungwa na kufunguliwa, kama wa wengine.

Na magonjwa hayajaisha. Uganda walipambana na Ebola mwaka 2022 na tena 2025. Kagera walipata Marburg mwaka 2023 na tena 2025. Mpox imezunguka ukanda huu wote.

AFCON ya 2027 ni ya nchi tatu: Tanzania, Kenya na Uganda. CHAN iliyochezwa Agosti 2025 kwenye nchi hizo hizo ilionyesha kuwa inawezekana, timu zikivuka mipaka na mashabiki wakizifuata. Lakini CHAN ilipigwa mipaka ikiwa wazi. Ile Agosti ya 2020 nayo ilikuwa ya nchi hizi hizi: Kenya ikiwapokea Waganda bila karantini na kuwakatalia Watanzania, Tanzania ikizizuia ndege za Kenya. Kama hali ya namna ile ingetokea wiki moja kabla ya ufunguzi, timu iliyocheza Dar na inayotakiwa Nairobi siku nne baadaye ingesimamia wapi? Na shabiki wa Mpanda aliyekata tiketi ya Kampala, ambaye hana chama cha soka cha kumwombea ruhusa?

Jibu linatakiwa liandikwe sasa, wakati hakuna mgonjwa na hakuna aliyekasirika. Waraka mmoja, nchi tatu, maabara zinazotambuliwa na wote, utaratibu mmoja kwa timu, waamuzi, waandishi na mashabiki. Namungo walienda Luanda bila waraka kama huo, na ikabidi CAF wautunge wakati timu iko hotelini. Safari ijayo mwenyeji ni sisi, na anayeshikilia kalamu ni sisi.